Mkeka wa Shemeji Lafaele

Jumamosi, Juni 14

Daftari hili nimepewa na Bronwyn, yule dada mrefu wa mazoezi ya akili. Kasema niandike kila siku, hata mstari mmoja, maana kichwa changu hakishiki kitu. Nikamwambia: "Dada, kichwa hiki kimezaliwa Apia, kimefungasha jodari Pago Pago, kimelinda mlango wa klabu Auckland, kimechinja ng'ombe hapa Brisbane miaka kumi na moja. Kimejaa. Ndiyo maana hakishiki." Akacheka mpaka akafuta macho. Halafu akaniuliza: "Haya, mimi naitwa nani?"

Sikujua. Jina nililoandika hapo juu nimelinakili kwenye kitambulisho chake cha kifuani.

Mimi ni Uelese, miaka arobaini na sita, kilo mia moja na ishirini zamani, sasa sijui, nimebaki mifupa na mdomo. Shule niliiacha mapema, tuligombana. Atakayesoma avumilie.

Jumapili, Juni 15

Mke wangu Fuatino kaja na Sina, binti yetu. Wameniimbia. Nililia, nikasema ni mafua.

Jumanne, Juni 17

Naandika ninayoambiwa, maana mwenyewe sina. Kabla ya Pasaka nilianguka katika ukumbi wa kanisa letu, kichwa kikatua kwenye saruji. Wakafungua fuvu kutoa damu. Wiki tano mashine ilinivutia pumzi. Mguu wa kushoto unaburuta, jicho la kushoto linaona watu wawili wawili. Nikamwambia Fuatino kwamba sasa nina wake wawili na wote wakali. Hakucheka. Zamani angenipiga na kandambili.

Kila asubuhi Bronwyn ananiuliza maswali kumi na mawili. Tarehe, mwezi, uko wapi, mimi nani, jana nilikuonyesha picha zipi tatu. Nikipata yote siku tatu mfululizo, madaktari watakaa kuzungumza habari za kunirudisha nyumbani. Nisipofika huko, kuna nyumba ya wazee. Walitaja polepole, kama mtu anayetaja ugonjwa mbaya. Miaka arobaini na sita, niketi na bibi zangu tunywe uji kwa mrija.

Leo nimepata matano.

Jumatano, Juni 18

Sita.

Ijumaa, Juni 20

Kitanda cha pili yuko Keith, mchunga ng'ombe wa kule bara magharibi. Pikipiki ya magurudumu manne ilimpindukia. Ana fuvu lenye bonde unaweza kuweka yai.

"We Uelese," kaniambia usiku, "ukikoroma tena nakumwagia chupa ya mkojo."

"Mwaga, bwana. Labda akili itarudi."

"Ya kwako haikuwahi kuja."

Nampenda mtu huyu. Yeye anapata maswali manne, hajawahi kuvuka.

Jumatatu, Juni 23

Shemeji yangu Lafaele, kaka yake Fuatino, huja kila siku saa tisa na chupa ya kakao ya kwetu, nzito, ya kusagwa kwa mkono. Ananimiminia, halafu anakwenda kukaa kiti cha mlangoni. Chumba kizima kina nafasi, yeye mlangoni, kama mtu aliyekuja kudaiwa. Macho yake yako kwenye viatu vyangu.

Alhamisi, Juni 26

Nimepata kumi na mawili! Halafu Bronwyn akanishika mkono kunipongeza, akaona majibu yote kwenye kiganja. "Uelese, ungekuwa unajua ulichoandika, ningekupa." Akanifuta kwa kitambaa chenye spiriti. Mwenyewe nilicheka. Baadaye chooni nilishika chuma cha ukutani, nikakitazama kiganja kitupu. Maana kweli, nilipoangalia kiganja asubuhi, sikujua nani aliandika.

Jumapili, Juni 29

Lafaele mlangoni tena. Ananiogopa nini?

Jumatano, Julai 2

Baridi. Wamenitembeza kati ya vyuma viwili, hatua tisa. Kijana wa mazoezi alisema safi. Nilimwambia nimewahi kucheza ngoma ya kisu cha moto mbele ya watalii mia tatu. Kwa kweli walikuwa arobaini na mvua ilinyesha.

Ijumaa, Julai 4

Nimewaza. Lafaele hana mke. Nyumba yangu ina vyumba vinne, labda ameshahamia. Fuatino akiingia hapa na Lafaele, wanaacha kuongea. Wananificha kitu. Labda niliua mtu. Labda niliendesha gari nikaua mtoto wa watu na wananisubiri nipone nifungwe. Nilimuuliza Fuatino, akasema, "Baba Sina, daktari kasema usisumbuliwe kichwa." Mtu ambaye hajaua hajibiwi hivyo.

Jumamosi, Julai 5

Sikulala. Keith naye hakulala. Tulishikana mikono kati ya vitanda kama wachumba. Asimwambie mtu.

Jumapili, Julai 13

Lazima niandike yote sasa hivi kabla hayajatoroka. Mkono unauma, potelea mbali.

Alfajiri Fuatino alikuja, akanivalisha sweta mbili, akanisukuma kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye nyasi nyuma ya wodi. Jua halijatoka. Nyasi nyeupe kwa umande. Katikati nikaona kitu kimeinama chini, kimefunikwa na mkeka wa fahari, ule mwembamba kama hariri wenye manyoya mekundu pembeni, ambao hautandikwi bali hutolewa kwenye misiba, ndoa na vyeo. Mbele yake mawe na fungu la kuni. Nyuma yake wazee wa ukoo wa mke wangu wamepiga magoti, vichwa chini, hakuna anayekohoa.

Kila Msamoa anajua ile ni nini. Ni ifoga. Mtu akimwaga damu ya ukoo mwingine, watu wake huja alfajiri wakapiga magoti mbele ya nyumba ya waliokosewa, mkosaji chini ya mkeka. Kuni na mawe maana yake: hawa hapa, wapikeni mkitaka. Wanakaa hapo, jua liwake, mvua inyeshe, mpaka aliyekosewa aje kuinua mkeka. Asipokuja, vita.

Nesi wa zamu alisema moto hauruhusiwi. Fuatino akamwambia hakuna atakayewasha.

"Walikwenda nyumbani kwetu ulipokuwa hujitambui," Fuatino akaninong'oneza. "Kaka yako mkubwa aliuinua mkeka. Ila huyu amekataa kuridhika mpaka uinue wewe."

Niliogopa. Nilipigana na wanaume Auckland wenye chupa zilizovunjika, sikuogopa namna ile. Nani yuko chini? Nikaegemea, nikaushika mkeka kwa mkono mzima, nikavuta.

Lafaele. Nywele zimelowa. Jitu zima limejikunyata.

Akasema, huku anaangalia ardhi: "Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani, shemeji."

Akanieleza. Tulikuwa tunafunga taa za Pasaka kwenye boriti ya ukumbi. Ngazi ilikuwepo. Mimi nikasema ngazi ni ya watoto wa kwaya. Lafaele alikuwa ameazima foklifti ya kazini kwao, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, kubeba viti, nikapanda juu ya chaga yake ya mbao, nikamwambia, "Inua!" Akainua. Kina mama wa kwaya wakapiga kelele, nami, nikiwa mita nne hewani, nikaanza kuwachezea kiuno. Lafaele akacheka, mguu ukateleza kwenye pedali, mashine ikaruka. Ndiyo basi.

Wazee hawakusogea. Moyoni kulikuwa na kitu cheusi, siandiki uongo. Mguu wangu, jicho langu, hizi asubuhi za maswali ya watoto wa chekechea. Lakini pia nilijijua. Kiuno kile nakifahamu.

Nikamwambia: "Inuka, wee. Umande utakuua, halafu nitalaumiwa mimi."

Wazee wakalia wote. Fuatino akamkumbatia kaka yake, akanikumbatia mimi, akarudi kwa kaka yake. Nimemsamehe Lafaele. Nimeandika mimi, Uelese, kwa mkono wangu.

Jumatatu, Julai 14

Nani kanivunja kichwa? Hakuna anayeniambia.

Kuna mtu ameandika katika daftari langu. Kurasa tatu. Mwandiko unaiga wangu. Ameandika habari za mkeka na kuni na kwamba mimi nimemsamehe Lafaele. Mimi sikutoka kitandani jana. Nani amemsamehe nani? Kwa hiyo ni yeye! Ni Lafaele aliyenivunja, na sasa wameingia wakaandika msamaha kwa jina langu wakati nimelala. Hata mawe wameweka, ipendeze.

Usiku huu daftari nitalilalia.

Jumatano, Julai 16

Alikuja saa tisa na chupa yake. Nilimsubiri amimine, akakae mlangoni. Nikakitwaa kikombe nikamrushia. Kilimpata juu ya jicho, kakao na damu vikachanganyika, hujui kipi ni kipi.

"Mwizi wa mwandiko!" nikapiga kelele. "Toka!"

Alibaki kwenye kiti. Akasema, "Sawa, shemeji," akatoa leso. Manesi wanne wakanishika. Keith akaanza kulia kwa sauti, akaziba masikio.

Alhamisi, Julai 17

Kikao. Daktari, Bronwyn, Fuatino. Lafaele ameshonwa nyuzi tano, amekaa nje.

Daktari alinieleza taratibu. Hata nikifaulu maswali, miezi ya mwanzo siwezi kubaki nyumbani peke yangu. Nitawasha jiko na kusahau. Nitatoka na kupotea. Fuatino anaingia kwenye kiwanda cha mikate saa kumi alfajiri. Wa kubaki nami aliyejitolea ni mmoja tu, ameomba hata zamu yake ibadilishwe: Lafaele. "Sasa kama humtaki, au kama utamdhuru," daktari akasema, "siwezi kutia saini. Itabidi tutafute mahali."

Mahali. Siku hizi hawataji jina, wanasema mahali.

Fuatino alisubiri watoke. Sijawahi kumwona vile. "Kwetu dada na kaka ni agano, unajua. Ukimpiga yule, umenipiga mimi. Na yeye alipokuangusha, kaniangusha mimi. Miezi mitatu nalala katikati yenu, Uelese. Nani nimtupe? Niambie wewe unayejua kila kitu!"

Nikavuta shuka, nikajifunika uso.

Ijumaa, Julai 18

Bronwyn alikuja bila maswali. Akafungua ule ukurasa wa Jumapili, akaniambia, "Nakili mstari huu hapa chini, bila kufikiri." Nikanakili: *Nimemsamehe Lafaele.* Nikatazama wa juu, nikatazama wa chini.

Tangu nianguke, mistari yangu inateremka kushoto kwa sababu ya hili jicho, na herufi f naikatiza chini kama mkia wa mbwa aliyepigwa. Wa juu uliteremka kushoto. Mkia ulikuwa ule ule. Fuatino kaniletea na picha kwenye simu: mimi na sweta mbili, mkeka mkononi, mdomo wazi.

Yule mtu ni mimi. Nilikuwepo. Nilisema maneno yale, na ndani yangu hakuna hata harufu yake.

Nimeogopa mambo mengi humu, lakini hili halina mlango wa kukimbilia. Kama jana yangu inaweza kuishi bila mimi, basi kesho mimi huyu ninayeandika nitakuwa nani? Nimemwuliza Bronwyn. Kasema, "Hilo siwezi kukujibu, Uelese. Ninachoweza ni kurudi kesho." Na mkono wake ulikuwa baridi.

Jumatano, Julai 23

Nane. Tisa jana, nadhani. Lafaele haji. Fuatino kasema anaketi kwenye gari huko chini, saa tisa mpaka saa kumi na moja, halafu anaondoka.

Ijumaa, Julai 25

Keith hayupo. Niliporudi kutoka mazoezini kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka imevutwa kama ngozi ya ngoma. Wamempeleka mahali. Dada yake alikuja na gari, hakuweza kumchukua, yuko peke yake na ng'ombe mia nane. Nesi kasema alipotoka aliniulizia. Sikuwepo hata kumtukana.

Sasa nakoroma na hakuna anayelalamika.

Jumanne, Agosti 5

Upepo wa magharibi umeanza, ule wa Agosti, mkavu, unapiga madirisha kutwa. Kumi na moja leo. Hatua mia moja na fimbo.

Jumatano, Agosti 6

Kumi na mawili, bila kiganja!

Alhamisi, Agosti 7

Kumi na mawili.

Ijumaa, Agosti 8

Tisa. Nilisema ni Juni. Bronwyn aligeuza uso dirishani kidogo, akarudi na tabasamu lake. Niliona.

Jumanne, Agosti 12

Leo nilimwambia Fuatino ateremke mpaka kwenye gari, amlete Lafaele.

Aliingia, akaenda kwenye kiti chake cha mlangoni. Kovu limekaa juu ya nyusi. Nikasema, "Sogea huku. Hapo unapulizwa na upepo, na mimi jicho bovu, nawaona Lafaele wawili, sijui nimtukane yupi."

Akasogea. Nikamwambia nimesoma kurasa zote kuanzia Juni. Nimesoma ninavyomshuku, ninavyomsamehe, ninavyomrushia kikombe. Kama kusoma habari za mlevi wa mtaa wa pili.

"Nitaleta tena mkeka," akasema. "Nitauleta kila wiki ukitaka."

"Mkeka wa bibi zenu utachakaa, na magoti ya wale wazee pia. Sikiliza, shemeji. Tatizo si wewe kuomba. Tatizo ni mimi, nasamehe kama ndoo iliyotoboka. Kwa hiyo tufanye hivi. Kila asubuhi, kabla mtu mwingine hajaniambia, kabla sijakuota vibaya, uje uniambie mwenyewe. Maneno yale yale. Kama najua, nitasema najua. Kama sijui, utanieleza mpaka mwisho, na kiuno changu usikifiche."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Alifikiri. Mtu mzima, mikono kama mapauro. "Kila siku nitakuwa nakuangusha upya, Uelese."

Hilo sikuwa nimeliwaza. Nimejivuna maisha yangu yote kuwa na moyo mkubwa, na sikuona ninachomtwisha mwenzangu. Nikamwambia basi, tuache. Akatikisa kichwa. "Hapana. Nitasema."

Jumatano, Agosti 13

Kaja saa moja asubuhi, kabla ya chai. Kasimama. "Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani." Nilijua. Nusu nusu, kama mtu aliyesimuliwa, lakini nilijua. Nikasema najua. Akaketi, magoti yake yakatoa sauti.

Jumamosi, Agosti 16

Sikujua. Alinieleza yote. Nilikunja ngumi chini ya blanketi mpaka akamaliza. Halafu nikaikunjua, kidole kimoja kimoja. Sijui kama aliona.

Jumatatu, Agosti 18

Najua.

Alhamisi, Agosti 21

Kumi na mawili siku ya tatu mfululizo. Nilimwinua Bronwyn juu, tukakaribia kuanguka wote, nikakaripiwa na wodi nzima.

Daktari kamwita Lafaele pembeni, kamuuliza kama haogopi kukaa nami. Fuatino alisikia jibu: "Naogopa. Nitakaa."

Ijumaa, Agosti 29

Natoka. Bronwyn kanionya: kwenye uchovu, kwenye kelele na watu wengi, itafutika tena, labda siku, labda zaidi, na huenda ikawa hivyo daima. Nimemwambia nimewahi kunywa siku tatu Honolulu nikasahau hata kisiwa. Kasema, "Uelese, unaogopa?" Nikasema sana, dada. Akasema vizuri, mtu anayeogopa hushika ukuta.

Nyumbani. Mlango wetu ni mwembamba kuliko nilivyouacha.

Jumapili, Agosti 31

Kanisa zima lilinipokea. Ngoma, hotuba, nguruwe, tambi, watoto mia. Niliongea dakika arobaini. Nimechoka mpaka meno.

Jumatatu, Septemba 1

Naandika saa nne asubuhi, mezani.

Niliamka sijui niko wapi. Chumba kina mapazia ya maua na upande wa pili wa kitanda umepoa. Nilitafuta kengele ya nesi, hakuna. Kichwani hakuna kitu, sahani iliyooshwa. Daftari sikulijua kama lipo. Nikasikia miguu mizito ukumbini, inakuja, nikashika fimbo iliyokuwa kando ya kitanda, nikaishika kama rungu.

Mlango ukafunguliwa. Mwanamume mkubwa, kovu juu ya jicho, kikombe mkononi kinatoa mvuke. Sura yake niliijua, ni shemeji yangu. Lakini mwili wangu wote ulikuwa unaniambia kaa chonjo na huyu, na sikujua kwa nini.

Akasimama kizingitini. Akaiona fimbo. Hakurudi nyuma.

"Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani," akasema.

Usukani gani? Nilikuwa sina. Kweli tupu, sina hata chembe. Nilimtazama tu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kofi, amelisubiri siku nyingi, naye kaja na kikombe hata hivyo. Kikombe kilikuwa kinagongana na sahani yake, kidogo kidogo, tik, tik, tik. Alikuwa anaogopa kunishinda. Na mimi sikujua amenifanya nini, ila niliona jambo moja: lolote lililokuwa, limemla kabla yangu.

Nikaishusha fimbo.

"Najua," nikamwambia. "Ingia, kaa. Inapoa."

Akaketi pembeni ya kitanda, akafunika uso kwa mikono. Nikanywa kakao yake. Ilikuwa tamu mno, hajui kupima sukari. Aliponiuliza kama ni nzuri nikasema ni nzuri.

Baadaye, alipokwenda kuosha vyombo, ndipo nikaliona daftari juu ya meza, nikaanza kusoma kutoka mwanzo.